Dar es Salaam hadi Iringa kwa Gari Bila Haraka: Namna ya Kufunga Mizigo Michache na Kuchagua Pa Kusimama

Kila likizo inapokaribia, wanaotaka kusafiri kwa gari lao kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: nibebe nguo ngapi, nisimame wapi, nilale njiani au niunganishe moja kwa moja, na je, gari dogo litapanda mlima wa Kitonga? Mwongozo huu unayajibu kwa kutumia njia moja mahususi, ile inayotoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Morogoro na Mikumi hadi Iringa, umbali wa kilomita zipatazo 500. Njia hiyo ni ya lami mwanzo hadi mwisho, ina watu na vituo vya mafuta, na inamvusha msafiri kutoka joto la pwani hadi baridi ya nyanda za juu, jambo ambalo ndilo hasa linalowafanya wengi wabebe nguo kupita kiasi.

Swali la mizigo na swali la vituo halitenganishiki. Msafiri mwenye begi moja husimama popote panapompendeza, kwa sababu hana cha kulinda wala cha kupakua, na akiona kapu zuri au vitunguu vizuri anajua pa kuviweka. Mwenye buti lililojaa hadi darini hupita tu, kwa kuwa anahofia kuliacha gari, na kila anachokiona anakumbuka kwamba hakitaingia. Kwa hiyo hatua za kufunga mizigo zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko hatua za kuendesha.

Ratiba inayofuatwa ni ya siku tano: siku ya kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro, ya pili Morogoro hadi Iringa, ya tatu kukaa Iringa, ya nne kurudi hadi Mikumi, na ya tano kumalizia hadi Dar es Salaam. Ukiwa na siku tatu tu, ishia Mikumi na urudi. Kuibana safari ya siku tano ndani ya siku tatu kunawezekana, lakini hapo utakuwa umefanya safari ya basi kwa gharama zako mwenyewe.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwa ajili ya gari: tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za tahadhari, kizimamoto ambacho hakijapitwa na muda, kisanduku cha huduma ya kwanza, na lita tano za maji ya rejeta yaliyotengwa na ya kunywa.

Nyaraka: leseni ya udereva, bima iliyo hai, kadi ya gari au nakala yake, na kitambulisho cha kila mtu mzima, kwa sababu nyumba za wageni huandika wageni wao kwenye daftari.

Fedha: salio la kutosha kwenye simu, pamoja na noti ndogo ndogo na sarafu. Muuza mahindi ya kuchoma hana chenji ya noti ya shilingi elfu kumi saa moja asubuhi.

Mizigo ya mtu mmoja: begi moja la mgongoni linaloweza kuingia chini ya kiti au kubebwa mapajani. Humo ziingie fulana au blauzi tatu, suruali au sketi mbili, nguo za ndani za siku tatu, sweta moja nzito, koti jepesi la mvua, ndala, doti moja ya kanga, tochi, chaja, dawa unazotumia, na vitu vya kuogea vilivyopunguzwa. Viatu vya kufunga vivae miguuni, visiingie begini.

Vitu vya pamoja: kapu moja la vyakula na vyombo, chupa kubwa ya maji, kisu kidogo, kitambaa cha kufutia na gunia tupu lililokunjwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hivyo kapu na gunia havina mbadala.

Hatua kwa hatua

1. Chagua majira na saa za kuondoka. Kuanzia Juni hadi Oktoba barabara huwa kavu, na ndicho kipindi kinachomfaa anayeanza. Masika, yaani Machi hadi Mei, mvua hupunguza mwono wa dereva mlimani na njia za vumbi za kwenda kwenye vivutio huwa tope. Ujue hata hivyo kwamba Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi kali Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Panga kila siku kuwa umefika unapolala kabla ya saa kumi na moja jioni. Usiendeshe usiku kwenye njia hii: kuna malori yaliyoharibika na kuachwa barabarani bila taa, kuna waenda kwa miguu, na kuna wanyama.

2. Kagua gari angalau siku tatu kabla. Siku tatu zinatosha kubadilisha kitakachoonekana kibovu, ilhali ukaguzi wa jioni ya kuamkia safari hukuongezea wasiwasi tu. Mwambie fundi aangalie breki, mfumo wa kupoza injini, feni yake, mikanda, mafuta ya injini na matairi, likiwemo la akiba ambalo wengi hulisahau hadi siku wanapolihitaji. Gari dogo lenye injini ya kawaida hupanda Kitonga bila shida. Linaloshindwa huwa ni lile lenye rejeta inayovuja, liwe dogo au kubwa.

3. Tandaza mizigo yako yote kitandani, kisha ipunguze. Usifunge moja kwa moja kutoka kabatini, kwa sababu begi huficha wingi wa vitu. Vikiwa vimetandazwa, chukua kimoja kimoja na ujiulize ni siku gani na mahali gani utakitumia. Kisichokuwa na jibu kirudi kabatini. Nguo za "huenda tukaalikwa mahali" ndizo za kwanza kurudi, zikifuatiwa na jozi ya tatu ya viatu.

Zingatia mambo machache yanayopunguza uzito kweli kweli. Sweta moja nzito inayovaliwa juu ya fulana mbili hukupa joto kuliko masweta mawili mepesi, na inachukua nafasi ndogo. Suruali ya jinzi huchelewa kukauka, hivyo chukua moja ya jinzi, na nyingine iwe ya kitambaa chepesi. Doti ya kanga ni taulo, shuka la ziada, pazia la dirisha la gari jua linapompiga mtoto, na mkeka wa kukalia chini ya mti, kwa hiyo ukiwa nayo acha taulo nyumbani. Sabuni ikatwe kipande, dawa ya meno iwe ile ndogo, na mafuta ya kujipaka yamiminwe kwenye kichupa. Kwa familia, chupa moja ya mafuta inatosha wote.

Panga pia siku ya kufua. Fua usiku wa kwanza Morogoro, ambako joto hukausha fulana hadi alfajiri, wala usisubiri Iringa, ambako katika miezi ya baridi nguo iliyofuliwa jioni utaiondoa kambani asubuhi ikiwa bado mbichi. Kanuni hii peke yake inakuwezesha kusafiri siku tano kwa nguo za siku tatu.

*Kosa la kawaida:* kuwafungia watoto wote sanduku moja kubwa. Kila usiku litafunguliwa lote kwa ajili ya nguo moja ya kulalia, na asubuhi litafungwa upya. Mpe kila mtoto begi lake dogo, hata kama ni la shule, na yeye mwenyewe alibebe.

4. Panga buti kwa kufikiria pancha. Katika magari mengi jeki na tairi la akiba vipo chini ya sakafu ya buti, chini kabisa ya mizigo yote. Ukiyajaza masanduku juu yake, siku ya pancha utalazimika kupakua kila kitu kando ya barabara huku malori yakipita. Kwa hiyo toa jeki na spana kabla ya safari, zifunge kwenye kitambaa ili zisigonge, na uzilaze pembeni mwa buti mahali ambapo mkono unafika mara tu mlango unapofunguliwa. Vitu vizito vikae chini na viegemee mgongo wa kiti cha nyuma. Usipange chochote kizidi urefu wa viti, kwani dereva anahitaji kuona nyuma kupitia kioo, na kitu kizito kilicho juu hurukia abiria breki inapofungwa ghafla. Ukimaliza, theluthi moja ya buti ibaki tupu. Nafasi hiyo ina wenyewe, yaani vitunguu na nyanya, na utawakuta barabarani, Ruaha Mbuyuni na Ilula, wakati wa kurudi.

5. Chagua vituo vitatu tu kwa siku, na uache nafasi ya kimoja usichokipanga. Kituo kimoja kiwe cha kula, kimoja cha kutazama au kujifunza, kimoja cha kunyoosha miguu. Orodha ya vituo saba humfanya dereva kuwa mtumwa wa saa, na kufikia cha nne watoto huwa hawashuki tena.

Kituo kizuri ambacho hakimo kwenye ramani hutambulika kwa dalili. Angalia mahali ambapo madereva wa malori wamesimama kula kwa hiari yao, kwa sababu wao wanapita hapo kila wiki na wanajua nani anapika vizuri. Angalia chakula kinachotoka kwa kasi: sufuria inayopakuliwa muda wote ni salama kuliko vipande vilivyopangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Hakikisha unaweza kuliegesha gari nje kabisa ya lami, mahali tambarare, na si kwenye kona wala karibu na daraja. Kisha shuka, salimia kwanza, wenye umri uwape shikamoo yao, na ununue kitu hata kama ni ndizi mbili, ndipo uulize habari za mahali hapo. Swali linalozaa matunda ni la moja kwa moja: "Mgeni akifika hapa mnampeleka wapi?" Mama lishe na dereva wa bodaboda watakutajia mto, jiwe, soko au gulio la siku hiyo ambalo hakuna kibao kinacholielekeza.

*Kosa la kawaida:* kupiga picha watu na bidhaa zao kabla ya kusema neno. Omba ruhusa, na ukikataliwa shukuru uendelee.

6. Toka Dar es Salaam alfajiri. Ukiwa umeshapita Kimara na Mbezi kufikia saa kumi na mbili asubuhi, utaifikia Chalinze, kilomita zipatazo 110, kabla jua halijawa kali. Sehemu hii ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko zote, haina mengi ya kutazama, na haifai kuianza saa nne. Chalinze ndipo njia zinapogawanyika, moja ikielekea Segera na Kaskazini, nyingine Morogoro. Simama hapo kwa chai na kunyoosha miguu, lakini usijaze matumbo, kwa kuwa Morogoro haiko mbali.

Katika kila eneo la makazi kuna kibao cha kasi ya kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi kuna askari mwenye kifaa cha kupimia mwendo ambacho madereva hukiita tochi. Kifuate kibao hata kama magari ya mbele hayakifuati. Ukiandikiwa faini, hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti mkononi.

7. Lala Morogoro, na uitumie alasiri yake. Wengi huipita Morogoro kwa sababu iko karibu na Dar es Salaam, nami naona hilo ni hasara. Milima ya Uluguru inaanzia mgongoni mwa mji, na wakulima wake huteremsha ndizi, mboga na matunda hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako kapu lako la chakula cha kesho linapaswa kujazwa. Nunua matunda yanayomenywa kwa mkono, kama ndizi na machungwa, uache yale yanayohitaji kisu na sahani. Mwenye miguu mizuri anaweza kupanda kwa miguu kuelekea Morningside, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Ni vyema aongozane na mwenyeji, na aanze mapema ili asishukie gizani. Baada ya hapo fua nguo, uzianike, ulale mapema.

8. Vuka Hifadhi ya Mikumi asubuhi. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita zipatazo 50, na anayepita tu barabarani halipi kiingilio. Ukiondoka Morogoro saa kumi na mbili utaingia humo wakati wanyama bado wako karibu na barabara. Swala na pundamilia huonekana mara nyingi, na ukiwa na bahati utawaona twiga, nyati na tembo bila kutoka kwenye lami. Baada ya saa nne joto huwasukuma vivulini.

Hapa masharti ni makali, na yapo kwa sababu. Fuata kasi iliyoandikwa kwenye vibao, kwa kuwa mnyama huvuka bila ishara na anayemgonga hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Usishuke garini, usitupe ganda la ndizi dirishani, na usiwape nyani chakula hata kidogo, kwani nyani aliyezoea kulishwa hugeuka kuwa mnyang'anyi wa magari yajayo. Ukimwona tembo karibu na barabara, punguza mwendo, kaa mbali, usipige honi. Tumia choo kabla ya kuingia. Ukitaka kuingia ndani zaidi, lango liko kando ya barabara hiyo hiyo, na malipo yake hayafanywi kwa fedha taslimu, hivyo andaa kadi au simu.

9. Simama Ruaha Mbuyuni kwa macho, si kwa mfuko. Baada ya mji wa Mikumi barabara huzunguka kwenye vilima, kisha hushuka kwenye bonde lenye joto ambako mibuyu imesimama kwa mamia pande zote mbili. Wakati wa kiangazi mibuyu hiyo haina jani hata moja, na gome lake la kijivu hubadilika kuwa la shaba jua linapoinama. Tafuta mahali papana pa kuegesha, teremka, utembee hadi kwenye shina la mmoja wao na ujaribu kuuzunguka mkiwa mmeshikana mikono. Hiki ndicho kituo ambacho wasafiri wa haraka hukiona kwa sekunde tu kupitia kioo.

Kisha kuna vitunguu. Wakulima wa bonde hili humwagilia mashamba yao kwa maji ya Mto Ruaha, na vitunguu vyekundu hupangwa barabarani kwenye mifuko ya neti. Ulizia bei, onja mazungumzo, lakini usinunue sasa: uzito wa gunia utaupandisha Kitonga bure na kuuteremsha tena.

10. Panda Kitonga kwa subira. Kitonga ni mlima wenye kona kali zinazofuatana, upande mmoja ukuta wa mwamba na mwingine bonde, na malori yaliyojaa mizigo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Zima kiyoyozi ikiwa kipimo cha joto kinapanda, tumia gia ya chini, acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori, na usijaribu kulipita kwenye kona hata kama dereva wake amekupa ishara, maana yeye haoni unachokwenda kukutana nacho. Ukipoteza dakika 20 nyuma ya lori hujapoteza kitu. Nyani wa hapa nao wanangoja chakula, kwa hiyo funga vioo.

Ukifika juu hewa inabadilika ghafla, na hapo ndipo sweta inapotolewa begini. Baada ya Ilula, kabla hujafika Iringa, upo mnara wa Lugalo. Ni mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye aliuawa hapo. Ni kituo kifupi, na kitakusaidia kuelewa kijiji cha Kalenga kesho yake.

11. Kaa Iringa siku nzima bila kuondoa gari mbali. Barabara kuu haiingii mjini: inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu kilimani, hivyo usishangae ukiona umeupita. Siku hii igawe mara tatu.

Asubuhi nenda Isimila, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na ndani yake zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa mwaka 1951. Zana nyingine bado zimelazwa chini ya kibanda pale pale zilipopatikana. Chukua mwongozaji, kofia na maji, kwa sababu korongoni hakuna kivuli cha uhakika. Mchana nenda Kalenga, kijiji kilichokuwa makao makuu ya Mkwawa, ambako makumbusho madogo yanahifadhi fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai. Msikilize mwongozaji hadi mwisho, kwa kuwa anayasimulia mambo ya kwao, na maandishi ya ukutani hayawezi kufanya kazi hiyo. Jioni pita Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, kisha upande jiwe la Gangilonga kutazama mji ukiwasha taa. Nenda mkiwa wengi na mshuke kabla giza halijaingia sawasawa.

Mjini tafuta vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu. Kikapu kizuri kina msuko uliobana: kiinue kielekee mwangaza, na kama unaona nuru kupitia kitako, kiache. Ukikinunua, usikibebe kitupu. Weka nguo zako chafu ndani yake, nalo begi litabaki na nafasi. Kuhusu ulanzi, ambao ni kinywaji cha mianzi kinachopendwa hapa, abiria waamue wenyewe, lakini dereva hana uamuzi wa kufanya.

12. Nunua wakati wa kurudi. Nyanya za Ilula zichukue zikiwa na rangi ya chungwa, bado ngumu, ili ziive nyumbani, na ziwekwe juu ya mizigo mingine. Kushuka Kitonga ni hatari kuliko kupanda: weka gia ya pili, au kama gari ni la otomatiki weka kwenye 2 au L, uache injini ilishike gari, na breki uziguse kwa vipindi badala ya kuzikanyaga mfululizo hadi zichomeke. Ruaha Mbuyuni omba mfuko wa vitunguu umiminwe, uone vya chini kabla ya kulipa. Chagua vyenye shingo iliyokauka na ganda linalochakarika, kwani chenye shingo laini kitaoza ndani ya wiki mbili. Visafirishe kwenye neti au gunia, na uache kioo kimoja wazi kidogo, vinginevyo nguo zote zitafika Dar es Salaam zikinuka kitunguu.

Mambo yakienda mrama

*Gari limechemsha mlimani.* Egesha nje ya lami, washa taa za dharura, weka pembetatu nyuma ya gari mbali kiasi cha kuonekana kabla ya kona, uzime injini na usubiri angalau nusu saa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa kuwa mvuke wake huunguza uso. Likishapoa ongeza maji taratibu, kisha endelea hadi kwa fundi wa kwanza bila kuwasha kiyoyozi.

*Pancha ndani ya hifadhi.* Hii ndiyo hali moja inayokulazimu kushuka. Sogeza gari polepole hadi mahali peupe pasipo na vichaka, mmoja abadilishe tairi na mwingine aangalie pande zote, watoto wabaki ndani.

*Mtoto anatapika kwenye kona.* Mkalishe katikati atazame mbele, mwondolee simu, fungua kioo. Asubuhi ya kupanda Kitonga mpe mkate mkavu na chai ya tangawizi, si maziwa na mayai.

*Umepungukiwa nguo za baridi.* Usirudi nyuma wala usinunue dukani kwa bei ya mgeni. Kwenye mitumba ya Iringa masweta ni mengi, maana wenyeji wenyewe wanayahitaji. Nunua moja, uipeane ukifika nyumbani.

*Tumbo limeharibika.* Simamisha safari kwa siku hiyo, kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kupimwa ya pakiti inayouzwa duka la dawa, na ukiona damu au homa nenda kituo cha afya mara moja.

*Mmechelewa na jua linazama kabla ya Kitonga.* Laleni Ruaha Mbuyuni au rudini Mikumi, ambako nyumba za wageni ni nyingi kwa sababu ya hifadhi. Pigieni simu mlikopanga kulala, waelezeni, na mwondoke tena saa kumi na mbili asubuhi.

*Vyumba vimejaa Iringa.* Hutokea wakati wa mahafali ya vyuo na mikutano. Ulizia Ipogolo chini ya kilima kabla ya kwenda mbali, na uombe kuona chumba, maji na mahali pa kuegesha gari kabla ya kulipa. Ukikuta blanketi moja kitandani, ombea la pili kabla mhudumu hajaenda kulala.